Msitu Nilioufagia

Vijana wa ofisini walipokuja kuniaga walinipa saa ya ukutani, ambayo nimeitundika na mpaka leo haijasema kweli, kisha wakaniomba niandike machache kuhusu kazi. Najua walichotaka. Walitaka simba. Poleni, wanangu. Miaka yote niliyovaa kaki za misitu, simba nilimwona mmoja tu, naye alikuwa amenipa mgongo anakwenda zake. Mimi nitawaandikia habari za msitu wangu wa kwanza, msitu mdogo ambao mtu angeuzunguka kwa miguu kabla uji wake haujapoa, na jinsi nusura niuangamize kwa usafi.

Waingereza walikuwa bado wanatutawala, na picha ya Malkia ilikuwa ingali mpya kwenye ukuta wa ofisi ya Newala. Mimi nilikuwa kijana wa Masasi, mtoto wa misheni. Babu alibatizwa na wamisionari, baba alikuwa mpiga kengele wa kanisa, na mimi nikakabidhiwa ufagio. Sitanii. Kabla ya sala ya asubuhi kila mtoto alikuwa na kipande chake cha uwanja, na jani moja likikutwa limelala hapo, ole wako. Nilikuwa bingwa. Mistari ya ufagio wangu ilinyooka hata padri alikuwa anaiwekea adabu, anapita pembeni asiikanyage. Kwa sifa hiyo, pamoja na cheti cha shule, nikaajiriwa kuwa mlinzi wa msitu, nikapelekwa Newala.

Bosi wangu tulimwita Bwana Misitu. Alikuwa Mwingereza mrefu mwenye magoti mekundu na Kiswahili kifupi. Siku ya kwanza alinipakia kwenye Landrova hadi ukingoni mwa uwanda, upande wa Makote, pale ambapo nchi inakatika ghafla na bonde la Ruvuma liko chini huko. Hatua chache chini ya ukingo palikuwa na chemchemi ndogo. Juu yake palikuwa na msitu, au tuseme palikuwa na visiki, vichaka na majani makavu, kwa sababu watu walikuwa wameukata kidogo kidogo kwa mashamba.

“Msitu umekatwa, maji yanakufa,” akasema. “Wewe rudisha msitu.”

Akanipa maagizo matatu. Watu wasilime wala wasikate. Kuzunguka msitu isafishwe njia ya kuzuia moto, upana wa hatua kumi. Palipo wazi kabisa, ipandwe miche. Kisha akatega debe kwenye chemchemi, akawasha sigara. Debe lilijaa alipokuwa anamaliza sigara ya pili. Aliandika muda wake kwenye daftari kwa saa ya mkononi, lakini mimi nilihesabu sigara. “Mvua mbili zipite,” akasema. “Kiangazi kinachofuata nakuja kupima tena. Kama maji hayajaongezeka, hapa panarudi kuwa shamba. Watu wapande mikorosho.”

Nilipanga chumba kwa Mama Somoe, mwanamke wa Kimakonde ambaye nyumba yake ilikuwa jirani na msitu kuliko zote. Mumewe alikwenda kwenye mashamba ya mkonge, akanogewa huko huko. Mguu wa kushoto wa Mama Somoe mwenyewe ulivunjika zamani alipoanguka na mtungi kwenye mteremko, ukaunga vibaya, naye akawa anatembea kwa kuchechemea. Jioni ile ile nilipomwamkia alinikalisha kwenye kigoda.

“Marahaba. Wewe ndiye wa miti?”

“Ndiye mimi, Mama.”

“Basi nisikilize, mwanangu. Chemchemi hii ikikauka, wenzangu watashuka mpaka bondeni. Wataondoka jogoo la kwanza, watarudi saa sita, lakini watarudi. Mimi na mguu huu kushuka nitashuka, kupanda nitapandishwa na nani? Itabidi nihamie Nanganga kwa mwanangu Somoe. Nikakae kwa mkwe! Asubuhi natoka chooni, uso kwa uso na mkwe!” Akajifunika kanga usoni kana kwamba mkwe ameshabisha hodi.

Kwa msioijua adabu ya kwetu: mwanamke na mume wa binti yake hawatazamani usoni, hawali pamoja, na wakikutana njiani mmoja hupisha porini. Kulala nyumba moja ni fedheha ambayo mtu mzima anaikimbia kama ndui. Mama Somoe hakuwa anaigiza. Alikuwa anaogopa kweli.

“Usiwe na wasiwasi, Mama,” nikamwambia. “Serikali imefika.” Serikali yenyewe ilikuwa mimi, miaka ishirini, na viatu vilivyonibana.

Nilipewa vibarua sita. Mkubwa wao kwa umri alikuwa Chitanda, mtu mwembamba mwenye sauti ya chini, ambaye ujana wake wote aliwinda panya na wanyama wadogo katika vichaka vile vile. Tulikuwa na majembe, mapanga na nyengo mbili, yale mapanga ya mpini mrefu yenye ncha iliyopinda. Njia ya moto tuliimaliza upesi, na ikapendeza. Nikasimama katikati yake, nikaridhika na nafsi yangu, kisha nikageuka nikatazama ndani ya msitu.

Mungu wangu, uchafu! Majani makavu yalifika vifundoni. Visiki vimekaa ovyo, kila kimoja na kichaka chake. Nikaona haya kama vile ni uwanja wa baba yangu na askofu yuko njiani. Ukingo umependeza, ndani kwa nini pasipendeze? Nikaagiza fagio sita za vijiti.

“Bwana Barnaba,” Chitanda akaniuliza, “tunafagia msitu?”

“Tunafagia.”

“Wote?”

“Wote. Majani yachomwe, na visiki ving’olewe. Tutapanda misaji kwa mstari.”

Akawatazama wenzake, akautazama ufagio, akanitazama mimi. “Nangu sisemi kitu,” akasema. Nangu ni mimi kwa Kimakonde, na Mmakonde akikuambia hasemi kitu, ujue ameshasema.

Tulifagia wiki nyingi. Upande wa mashariki niliusimamia mwenyewe, ukawa mweupe, ungeweza kumwaga mchele ukauokota wote. Kamba ikapigwa, miche ya misaji ikapandwa kwa safu kama darasa la kwanza. Upande wa magharibi nilimwachia Chitanda, na hapo ndipo nilipoonja uvivu wa binadamu. Kisiki kimoja siku mbili. Akipiga jembe mara tatu anakaa kulinoa. Ananoa, anavuta tumbaku, ananoa tena. Mwisho nikamwandikia Bwana Misitu barua ya mashtaka, kwamba kibarua Chitanda ni mvivu wa kupindukia na visiki vyote vya magharibi vingalipo. Niliionea fahari barua ile. Nilitumia neno “aghalabu” mara mbili.

Mvua zikaja. Siku ya tatu ya mvua kubwa nilikuwa barazani nakunywa chai, nikasikia Mama Somoe anapanda kutoka chemchemini. Hatua zake zilikuwa nzito kuliko siku zote. Akatua mtungi mbele yangu, nguo zimemlowa, mguu unamtetemeka.

“Shikamoo, Mama.”

“Marahaba. Lete kikombe.”

Nikampa. Akamimina. Kilichotoka kilikuwa tope jekundu. Udongo wote wa upande wa mashariki, uliokuwa umevuliwa majani na mizizi, ulikuwa umeteremka na maji ukaingia chemchemini.

“Onja,” akasema. “Si umetupikia wewe?”

Ningeweza kueleza. Nilikuwa na kitabu cha maelekezo chumbani, kurasa nyingi tu. Lakini alikuwa ameshusha macho akiutazama mguu wake, na midomo inamcheza. Nikanywa. Nikanywa kikombe chote, kwa aibu, na siku nne zilizofuata sikutoka mbali na choo. Wanawake walipita kuniulizia hali kwa zamu, kila mmoja na kicheko chake nyuma ya kanga.

Siku ya tano nilikwenda msituni miguu inalegea. Misaji yangu mingi ilikuwa imelala kifudifudi kwenye tope. Nikavuka kwenda magharibi, nikamkuta Chitanda amekaa kwenye kisiki.

“Shikamoo, mzee Chitanda.”

Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwamkia. Kabla ya hapo niliona serikali haimwamkii kibarua. Akamaliza kunoa nyengo yake kwanza.

“Marahaba,” akasema baadaye. “Leo umeamka vizuri.” Akasogeza mguu, nikaona ubavuni mwa kile kisiki yametoka machipukizi mekundu, mengi, marefu kama vidole. Nikatazama kisiki cha pili, cha tatu. Upande wote wa magharibi ulikuwa unachipua chini ya yale majani niliyoyaita uchafu, na udongo wake ulikuwa umetulia mahali pake.

“Kumbe havijafa,” nikasema.

“Havijafa. Mizizi yake iko chini sana. Sisi tukilima hapa miaka mitatu, tunapaacha, pananyanyuka penyewe.”

“Mbona hukuniambia, mzee?”

“Ulikuwa unafagia.”

Basi nikaanza kazi upya, na mara hii mwalimu alikuwa yule mvivu. Alinifundisha kuyaacha machipukizi yafike magotini, kisha kuchagua mawili yenye nguvu kwa kila kisiki na kuyaondoa mengine. Unakata kwa mshazari ili maji yateremke yasiozeshe kidonda, na nyengo iwe kali kweli. Kumbe kule kunoa hakukuwa uvivu mtupu, ingawa alikiri mwenyewe kwamba kulikuwa na uvivu ndani yake pia. Upande wa mashariki ulikuwa jambo jingine. Visiki nilikuwa nimevimaliza, udongo umebaki uchi. Tukahitaji majani ya kuufunika, na majani nilikuwa nimeyachoma.

Nikaenda kwa Mama Somoe na kofia mkononi. Alicheka mpaka akashika mbavu, halafu akawaita wenzake. Tangu siku ile, kila mwanamke aliyekwenda chemchemini alipitia mashamba yaliyoachwa, akajaza tenga la majani, akaja kulimwaga mashariki ndipo akashuka na mtungi wake. Jina nililopewa nadhani mnalijua. “Bwana Fagio, leo tuyamwage au tuyafagie?” Hata watoto wa kunyonya, naamini, neno lao la kwanza lilikuwa Fagio.

Wakati huo ndipo nilipoanza kuandika habari za wanyama, kwa kuwa kitabu kilisema mlinzi mwema huweka kumbukumbu. Kumbukumbu yangu ya kwanza inasema hivi: “Nimeona panya mkubwa, miguu mirefu, pua ndefu kupita kiasi. Huenda ni mgonjwa.” Nilimsomea Chitanda, akafuta machozi ya kicheko. Huyo ni sange. Pua ile ndiyo jembe lake. Anapekua majani makavu anatafuta wadudu, na akishtuka anaupiga mkia chini, anaruka, hayupo. Hulala katika kishimo alichokifunika kwa lundo la majani. Pasipo majani hakuna sange, na mimi nilikuwa nimefagia nyumba zao na kuzichoma.

Nikaamua kuhesabu viota vyake. Nilijificha kichakani kwa kaki zilizopigwa pasi na beji ya shaba inayomulika kama kioo, nikashangaa kwa nini siwaoni. Nilipovua beji nikawaona: sange wawili, funo mmoja, yule paa mdogo wa vichakani, aliyekuja kunusa machipukizi, hondohondo juu wakigombana kama mashemeji. Nikasogea nione vizuri, nikakaa. Nilikaa juu ya siafu. Kaptura niliivua palepale, na katika saa zote za Mungu ndiyo saa ambayo wanawake walikuwa wanapanda na mitungi. Hilo sikuliandika kwenye daftari, lakini halikuhitaji daftari. Newala nzima ililihifadhi.

Siku nilipoona kiota cha kwanza cha sange upande wa mashariki, juu ya majani ya matenga, nilikimbia mpaka kwa Mama Somoe nikihema. “Mama! Sange amerudi mashariki!”

“Loo,” akasema. “Umemleta? Mtamu huyo.”

Mngedhani nimeshapata akili. Hapana. Mtu akichapwa kwa kuzidisha, hukimbilia upande wa pili akazidisha huko. Mimi nilikuwa nimetubu ufagio kabisa kabisa. Kiangazi kilipoiva, Chitanda akanikumbusha kwamba njia ya moto imejaa majani. Nikamjibu kwa ukali kwamba jani haliguswi katika msitu huu.

“Njia ya moto si msitu,” akasema.

“Haliguswi!”

“Nangu sisemi kitu.”

Alasiri moja ya Oktoba wawinda panya walichoma nyasi chini ya mteremko. Upepo ukageuka. Moto ukapanda, ukafika kwenye njia yangu ya hatua kumi, na badala ya kukuta udongo mtupu ukakuta kitanda cha majani makavu. Ukavuka bila hata kupunguza mwendo. Sisi saba tulikuwa na matawi mabichi tunapiga, moshi unatuziba macho, na mimi nilijua kwamba hatuuwezi. Nilianza kulia. Naandika hivi kwa sababu ni kweli, nililia nikipiga.

Ndipo wanawake wakatokea kutoka chemchemini na maji ya siku ile. Wakasimama. Maji yale walikuwa wameyangoja tangu asubuhi, kata kwa kata, na nyumbani kuna watoto. Mama Somoe alikuwa wa mwisho kufika, jasho linamtiririka, na mtungi wake mdogo ambao kuujaza na kuupandisha kulimchukua nusu ya siku. Hakusimama. Akapita katikati ya wenzake akichechemea mpaka kwenye moto, akaumimina wote juu ya majani mbele yangu.

“Mwageni!” akawapigia kelele. “Mnampelekea nani? Huu ukiungua kesho mtateka nini, majivu? Mwageni!”

Wakamwaga. Wakalowesha matawi, wakalowesha kanga zao, wakapiga pamoja nasi mpaka moto ukafa. Kipande cha mashariki kiliungua, na magharibi ikapona. Usiku ule hakuna aliyepika ugali katika nyumba zile. Kesho yake niliisafisha njia ya moto peke yangu, na hakuna aliyenitania, jambo lililoniumiza kuliko utani wenyewe.

Mvua ya pili ikapita, kiangazi kikafika, na Bwana Misitu akaja na debe lake. Mama Somoe na wenzake walisimama juu ya ukingo. Debe likategwa. Akawasha sigara ya kwanza, akaimaliza. Akawasha ya pili, akaimaliza. Debe likajaa katikati ya ile ya tatu.

Maji yalikuwa yamepungua. Nilimwona Mama Somoe akikaa chini taratibu.

Bwana Misitu akafungua faili lake. Humo mlikuwa na barua yangu. “Chitanda,” akasoma. “Mvivu. Hakung’oa visiki.” Akatazama ule msitu, nusu umesimama, nusu mabaka. “Kwa hiyo kosa ni la huyu mtu?”

Wanangu, mlango ulikuwa wazi kabisa. Nilihitaji kusema “ndiyo, Bwana” tu. Kazi yangu ingepona, na Chitanda, ambaye alikuwa amesimama palepale na nyengo yake, asingesema kitu. Hiyo ilikuwa desturi yake.

“Bwana,” nikasema, “nusu unayoiona imesimama ni ile ambayo Chitanda alikataa kunitii. Pale palipo wazi ndipo nilipotiiwa. Niliufagia msitu. Udongo ukaingia kwenye chemchemi. Baadaye nikaacha kuisafisha njia ya moto, moto ukaingia. Mwaka mmoja wote niliupoteza mimi. Kama ni kufukuza, nifukuze mimi, lakini usiwapokonye maji hawa kwa ujinga wangu. Wape mvua moja zaidi.”

“Uli-fa-gia?” akauliza.

“Kwa fagio sita, Bwana.”

Akageuka upande, mabega yakamtikisika kwa muda mrefu. Aliponigeukia uso ulikuwa mkavu. “Mvua moja,” akasema. “Na mkubwa wa kazi ni Chitanda. Wewe utakuwa chini yake.” Nilitumikia mwaka mzima chini ya Chitanda. Sikupata kufanya kazi na bosi mwenye maneno machache kama yeye tena.

Mwaka ule tulizibua chemchemi tope lote kwa mikono, beseni kwa beseni, tukaipangia mawe. Machipukizi yalinipita urefu. Viota vya sange niliacha kuvihesabu, vilikuwa vingi.

Mvua ya tatu ikapita, Oktoba ikaingia tena, na kabla Bwana Misitu hajarudi na debe, alifika mtu mwingine kwanza. Alikuwa mume wa Somoe, amekuja kwa baiskeli kutoka Nanganga, na kamba ya kufungia mizigo imezungushwa kwenye keria. Ukoo ulikuwa umekaa na kukata shauri kwamba mama achukuliwe kabla hajafia mteremkoni. Mama Somoe aliposikia sauti yake alitoroka kwa mlango wa nyuma. Nikawa mjumbe mimi, wa kuzunguka nyumba.

“Mama, mkwe wako amekuja kukuchukua.”

“Mwambie aoge kwanza.”

Nikadhani sijasikia vizuri. Katika miaka yote niliyokaa katika nyumba ile, mgeni alipewa maji ya kunywa nusu kikombe, akashukuru. Wenyewe tulipangusa uso kwa kitambaa tukasema tumeoga. Lakini Mama Somoe alikuwa ameshainua debe zima, limejaa hadi mdomoni, maji maangavu ya asubuhi ile. Nikalibeba mpaka bafuni.

Yule bwana akaoga. Tulimsikia akijimwagia, kwanza kwa woga, kata moja moja, halafu bila kuhesabu. Akatoka nywele zinachuruzika, akasimama uani anatazama ardhi iliyolowa chini ya miguu yake.

“Kaka,” akaniambia kwa sauti ya chini, “hebu muulize mama. Anasemaje kuhusu kuhama?”

Nikazunguka nyuma ya nyumba. Mama Somoe alikuwa ameupa ukuta mgongo, mguu wake ule mbovu kaunyoosha mbele, na machozi yanamtoka bila kuyafuta.

“Muulize,” akasema, “kama yamemtosha. Yapo mengine.”

Nilimpelekea jibu kama lilivyo. Akalifikiri kidogo, akaifungua ile kamba kwenye keria, akaikunja vizuri akaitia mfukoni, akapanda baiskeli akarudi Nanganga.